Pombe ya Matofaa na Ujira wa Vibarua

Katika sehemu za Ulaya ambako mzabibu haustawi vema kwa ajili ya baridi, watu tangu kale walitengeneza pombe ya matofaa, iitwayo sidri. Wanormandi na Wabretoni wa Ufaransa wanayo. Vivyo hivyo Waasturia wa Hispania, ambao huinua chupa juu ya kichwa na kuimimina kwa mbali ili itoe povu. Katika Uingereza yajulikana hasa Devon na Hereford.

Kazi yake ya zamani ilikuwa hivi: matofaa yalisagwa kwa jiwe kubwa lililozungushwa na farasi, kisha yakakamuliwa katika shinikizo. Maji yake yaliwekwa katika mapipa, yakachacha yenyewe.

Basi, huko Devon vibarua wa mashamba walipewa pombe hiyo kuwa sehemu ya ujira wao. Lakini ugonjwa mbaya ukawapata wengi: tumbo lilisokota, viganja vya mikono vikalegea na kuning'inia, na wengine walikufa. Mganga Musgrave aliandika habari zake mwaka 1703, na mganga Huxham mwaka 1739. Wote wawili walidhani kwamba ukali wa matofaa ndio sababu.

Mwaka 1767 mganga George Baker, mwenyeji wa Devon na mtoto wa mchungaji, aliuliza neno jepesi: mbona watu wa Hereford hunywa pombe ileile wala hawaugui? Alichunguza mashinikizo. Katika Devon mawe yake yaliunganishwa kwa risasi, yale madini mazito na laini, na vyombo vingine vilifunikwa nayo ndani. Hereford hawakufanya hivyo. Akapima pombe zenyewe: ya Devon ilikuwa na risasi, ya Hereford haikuwa nayo. Ukali wa matofaa ulikuwa unaila risasi kidogo kidogo, na sumu ikaingia kikombeni.

Wenye mashamba walimkasirikia, hata wachungaji wengine wakampinga, maana waliona ameichafua sifa ya nchi yao na biashara yake. Lakini polepole risasi iliondolewa katika mashinikizo, na ugonjwa ukapungua hata ukatoweka.

Hata hivyo ilibaki dhuluma ya pili. Mwenye shamba aliweza kununua pombe nyingine. Kibarua alikunywa ile aliyopewa, iwe safi, iwe na sumu, na watoto wake nyumbani hawakuweza kuila. Ni mwaka 1887 tu sheria ya Uingereza ilipokataza kuwalipa vibarua wa mashamba kwa kileo.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele mbele ya Mungu. Nasi tunaowaita jirani zetu kulima na kuwalipa kwa mtungi wa pombe, yafaa tufikiri: mke wa yule mlimaji atapika nini jioni?