Virginia Squires: Timu ya Miji Minne

Agosti 1970, jarida la Marekani la Sports Illustrated lilimweka Rick Barry kwenye jalada akiwa na jezi mpya ya timu ya mpira wa kikapu ya Virginia Squires. Barry alikuwa mmoja wa wafungaji hatari wa zama zake, ila hakutaka kuhamia kusini, na alilisema hilo waziwazi. Jezi ile hakuivaa hata kwenye mechi moja ya ligi. Muda mfupi baadaye aliuzwa kwa New York Nets kwa dola 200,000 na nafasi ya kusajili chipukizi.

Jimbo la Virginia lilikuwa kituo cha tatu cha timu hiyo. Ilizaliwa California mwaka 1967 kwa jina la Oakland Oaks, katika ligi changa ya ABA, iliyochezea mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu na kutoa pointi tatu kwa mtupo wa mbali. Mwaka 1969 Oaks walitwaa ubingwa, lakini viti vya ukumbini vilibaki vitupu. Earl Foreman akainunua timu, akaipeleka Washington kwa msimu mmoja, kisha ikafunga virago tena.

Safari hii ilikabidhiwa jimbo zima la Virginia. Mechi za nyumbani ziligawanywa kati ya Norfolk, Hampton, Richmond na Roanoke. Norfolk na Hampton zinatenganishwa na maji tu, yanayovukwa kwa daraja na handaki. Lakini Roanoke iko upande wa milimani, zaidi ya kilomita 350 kutoka Norfolk. Kwa wachezaji, hata mechi ya nyumbani ilikuwa safari. Mashabiki nao walisubiri zamu ya mji wao.

Uwanjani, mambo yalinoga mapema. Kocha Al Bianchi alikuwa na Charlie Scott, mwanamichezo Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili na Chuo Kikuu cha North Carolina. Msimu wa 1970/71 Scott alifunga wastani wa pointi 27.1, akagawana tuzo ya chipukizi bora na Dan Issel wa Kentucky. Squires walishinda mechi 55 kati ya 84 na kuongoza Kanda ya Mashariki.

Kisha akaja Julius Erving.

Alikuwa na umri wa miaka 21, ametoka Chuo Kikuu cha Massachusetts kabla ya kumaliza masomo, na nje ya huko wachache walimjua. Viganja vyake vilikuwa vikubwa hivi kwamba aliudaka mpira kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika chungwa; akikimbia, aliruka mbali na kikapu, mkono umenyooshwa juu, nywele za afro zikimfuata, na kuushindilia mpira ndani. Mchezaji mwenzake, Willie Sojourner, ndiye anayetajwa kumpa jina lililobaki: Dr. J. Msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 27.3 na kunyakua ribaundi 15.7 kwa mechi.

Scott alihamia Phoenix Suns mwaka 1972. Mapema 1973 akasajiliwa kijana mwembamba, George Gervin, na kwa miezi michache yeye na Erving walivaa jezi moja. Lakini mapato hayakutosha, na Foreman akaanza kula mbegu ya kupanda. Erving aliuzwa kwa Nets mwaka huohuo. Mchezaji mwingine, Swen Nater, akafuata, akienda timu ya San Antonio. Januari 1974, Norfolk ilipokuwa mwenyeji wa mechi ya nyota wa ABA, Gervin naye alikuwa akiuzwa huko kwa dola 225,000. Kamishna wa ligi alipinga. Mahakama ikaipa San Antonio haki.

Msimu wa 1974/75 Squires walishinda mechi 15 tu na kupoteza 69. Mei 1976 timu ilifungwa. Mwezi huohuo Erving aliwaongoza Nets kuifunga Denver na kubeba kombe la mwisho la ABA.