Jiwe la Uluguru na Fuwele Itoayo Mwanga

Ndugu wenzangu, sisi tuliosoma chini ya Milima ya Uluguru tulilikariri jina la Rutherford katika somo la fizikia. Yafaa vijana wetu waelezwe kwamba jina hilo limo pia katika jiwe la kwetu.

Wakati wa Wajerumani, Uluguru ilichimbwa ulanga, yale madini yabandukayo kama kurasa. Humo yalipatikana pia mawe meusi, mazito, yenye urani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyaeleza madini ya manjano yaliyotokana na kuchakaa kwa mawe hayo, akayaita rutherfodini, kwa heshima ya Ernest Rutherford. Waliotokwa jasho kuyachimba hawakutajwa.

Miaka ya 1914 na 1915, Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyotoka katika urani ya Morogoro. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomu unaozidi 207. Hii ilikaribia 206. Huo ukawa ushahidi mkubwa kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali.

Na miale yenyewe ilihesabiwaje? Rutherford na wasaidizi wake walikaa gizani, wakitazama kwa hadubini kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Kila chembe ya alfa ilipogonga, palimeta nukta ya mwanga. Macho yalichoka upesi. Tena miale ya gama ilipenya unga ule mwembamba na kwenda zake.

Dawa ilipatikana mwaka 1948, Robert Hofstadter wa Marekani alipotumia fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo. Iodini, kwa uzito wake, huikamata miale ya gama. Thaliamu huiwezesha fuwele kutoa mwanga. Kisha bomba maalumu huugeuza mwanga kuwa umeme na kuukuza. Kadiri mwale ulivyo na nguvu, ndivyo mwanga unavyozidi. Hivyo urani, thoriamu na potasiamu hutambulikana, hata kwa kupimwa kutoka katika ndege, kama nchi yetu ilivyopimwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Jiwe letu lilivuka bahari likapimwe na wengine. Leo tunayo Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na vyuo vikuu vipo hapa hapa Morogoro. Basi, ndugu zangu, tukichangia maabara ya shule, mwanafunzi wa kesho atalipima jiwe la mlima wake kwa mkono wake mwenyewe.