Tangambili, Si "Muhula wa Mapumziko"

Nimeletewa mwongozo wa kupanga ratiba za vyuo vikuu, uliotafsiriwa kwa Kiswahili na kamati ambayo sitaitaja, maana wajumbe wake wawili bado tunasalimiana. Ukurasa wa pili unahusu zile kozi fupi za wiki tatu au nne zinazofundishwa kwa mkupuo, muhula mmoja ukiisha na mwingine haujaanza. Kamati imeziita "kozi kali za muhula wa mapumziko".

Ukali naupitia haraka. Jua ni kali, pilipili ni kali, na kijana akikuambia kozi ni kali ana maana kwamba imempendeza. Kwa hilo kamati ingesamehewa. Ila mapumziko! Mwanafunzi anayekaa darasani saa tatu kila siku, akashinda maktaba mchana na kuandika zoezi usiku, ameambiwa apumzike na nani?

Jina baya huharibu kazi, wala sisemi kwa kukisia. Mwaka mmoja nilipangiwa kufundisha kozi ya aina hii katika chuo ambacho nacho hakitatajwa. Waraka ulisema "muhula wa mapumziko". Jumatatu saa mbili asubuhi nikakuta ukumbi umetiwa kufuli, kantini imefungwa na mkutubi amekwenda kwao. "Shikamoo mwalimu," akasema mlinzi, "si tumeambiwa ni mapumziko?" Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amekisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, jambo ambalo waandishi wa waraka hawakulifanya. Wanafunzi thelathini na mmoja tukawafundisha chini ya mwembe siku mbili, mpaka ufunguo ukapatikana.

Najua makosa yalikotoka. Chuo Kikuu cha Makerere kina muhula mfupi unaofuata muhula wa pili, ambao wanafunzi wengi huutumia kwa mafunzo ya vitendo, na jina lake la Kiingereza ndilo lile bunge na mahakama hulitumia zinapoahirisha vikao. Mfasiri akafungua kamusi, akakuta "mapumziko", akaifunga kamusi. Laiti angeifungua tena kwenye herufi M na kulitazama neno analolitumia kila siku. Muhula tumeupata kwa Waarabu, na kwao ni nafasi au ahirisho, ule muda anaopewa mdaiwa ili atafute fedha kabla hajashikwa shati. Kwa asili yake, basi, muhula tayari ni pumziko, na "muhula wa mapumziko" ni pumziko la mapumziko.

Hata semesta, ambayo wasomi wetu huitamka kwa heshima kubwa, si mkweli. Ni Kilatini cha miezi sita, na hakuna semesta ninayoijua ambayo madarasa yake hudumu miezi sita. Neno huvumiliwa likiwa na historia nzuri. Ndiyo maana nimekuja na langu, lenye historia nzuri kuliko hiyo.

Mabaharia wa pwani yetu waliugawa mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Kati ya pepo hizo kuna majuma ambapo upepo hauna mwenyewe: kaskazi imechoka na kusi haijashika, au kinyume chake. Chombo huweza kutweka tanga upande huu au ule. Kipindi hicho wazee walikiita tanga mbili. Tazameni sasa kalenda. Vyuo vyetu vingi vya Tanzania huanza muhula wa kwanza Oktoba au Novemba, kaskazi ikinukia, na kuumaliza Februari au Machi. Muhula wa pili huishia Julai, kusi ikiwa imekamata. Katikati pana nini kama si tangambili? Istilahi nyingine hutafutwa kwa tochi. Hii ilikuwa imekaa bandarini ikitungoja.

Na wasiniambie kwamba mambo ya pepo hayahusiani na elimu. Msimu wetu umetokana na mausimu ya Kiarabu, na kutoka humo humo Wazungu wakapata jina la pepo hizi. Mwalimu anayesema "msimu wa mitihani" tayari yuko baharini, ila hajajitambua.

Nililipeleka pendekezo hilo kwenye kamati. Lilijadiliwa dakika nne. Chai ilijadiliwa arobaini. Mjumbe mmoja alisema tanga ni la ngeli ya li-/ya-, hivyo ilipasa kuwa "matanga mawili". Nikamwambia awasahihishe kwanza mabaharia waliokufa, kisha aje kwangu. Neno likishaungana hujitawala lenyewe, nami naliweka katika i-/zi-. Mwingine akadai wanafunzi watakumbuka matanga ya msiba. Kicheko. Mimi sikucheka, ingawa nakiri kwamba baadhi ya matokeo ya kozi hizo hustahili kuombolezwa. Wa tatu, mpinzani wangu wa miaka mingi, akaleta "maleleji", ambalo kweli ni jina jingine la pepo hizo za kubadilika. Sina ugomvi na neno lenyewe. Lakini lisikilizeni: ma-le-le-ji. Linabembeleza mtoto. Tumekimbia mapumziko tukaangukie usingizini?

Hoja waliyoiona nzito ni kwamba mtu wa bara hajui bahari. Haya. Mwanafunzi wa Tabora humtaja nahodha wa timu yake, naye hajawahi kupanda jahazi. Abiria wa ndege humwamini rubani, neno lililoongoza vyombo vya majini kabla ya kupanda mawinguni. Taifa zima liliandikiwa Dira ya Maendeleo ya 2025, wala Dodoma haikulalamika kwamba haina pwani. Bahari imekwisha kuingia bara zamani. Kamati ndiyo imebaki ufukweni.

Kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba "mjumbe mmoja alipendekeza neno la kivuvi". La kivuvi! Istilahi na suluhu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa kupatana, nao hawakutaka hata kupatana na kamusi.

Wazo lenyewe la kozi hizi fupi halina ugeni. Florida Presbyterian College, leo Eckerd College, kilianza na mpango huo mwaka 1960: kozi nne, halafu moja peke yake Januari, halafu nne. MIT ina Januari yake huru tangu 1971. Nchini Kenya walimu wengi wamesoma shahada zao hivyo hivyo, wakiingia chuoni Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa. Mtu asiwaambie wale kwamba walikuwa mapumzikoni.

Matumizi ni mepesi: kozi ya tangambili, ratiba ya tangambili, ada ya tangambili. Mpangaji akumbuke tu kwamba kozi ya saa 45 ikibanwa katika siku 15 za masomo ni saa tatu kwa siku, kwa hiyo mwanafunzi achukue moja tu, vitabu viwe tayari kabla ya siku ya kwanza, na mwalimu apewe siku za kusahihisha kabla muhula mpya haujamkumba. Na mlinzi apewe ufunguo.

Nasikia mwongozo utachapwa upya. Ukurasa wa pili bado unarekebishika. Pendekezo langu la kurasa kumi na moja liko kwa katibu wa kamati, na nakala niliyobaki nayo haina ukurasa wa nne, ule wa maleleji. Aliyeuchukua aurudishe, hata kama ni yule ninayemdhania.