Saratani ya Pili, ya Upili au Mpya?

Daktari akisema mgonjwa amepata "saratani ya pili", ndugu waliomsindikiza hutoka chumbani kila mmoja na lake. Huyu ameelewa kuwa ugonjwa umefika hatua ya pili. Yule anadhani ule wa zamani umerudi. Mwingine anaogopa kwamba umesambaa. Kumbe daktari alikusudia jambo la nne: mwilini mumezuka saratani nyingine kabisa, isiyotokana na ile ya kwanza.

Tuchukue hali moja ambayo istilahi hii inahitajika sana, nayo ni saratani ya mfuko wa chakula inayotokea kwa mtu aliyekwisha kuondolewa umio kwa sababu ya saratani.

Umio ni ile njia ya misuli, yenye urefu wa kama sentimita 25, inayoshusha chakula kutoka koromeo hadi kwenye mfuko wa chakula. Mitaani saratani yake huitwa "saratani ya koo", jina linalochanganya umio na koromeo, hata na kisanduku cha sauti. Neno "tumbo" nalo halisaidii, maana kwetu tumbo ni kila kilichopo kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani. Ndiyo maana katika makala hii nasema mfuko wa chakula.

Sasa, umio ukiondolewa, chakula kipite wapi? Mwaka 1913 huko New York, Franz Torek alimwondolea mama mmoja mgonjwa umio wa kifuani, akamwachia tundu shingoni na jingine tumboni, akayaunganisha kwa mpira uliopita nje ya mwili. Mama yule alikula kwa njia hiyo miaka 13. Mwaka 1920 Mjerumani Martin Kirschner alionyesha kuwa mfuko wa chakula wenyewe unaweza kupandishwa hadi shingoni, na mwaka 1946 Ivor Lewis wa Uingereza akaeleza upasuaji wa tumbo na kifua ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Siku hizi mpasuaji hukata na kuondoa upande wa mkunjo mfupi wa mfuko wa chakula, akabakiza ule wa mkunjo mrefu pamoja na mshipa wa damu unaoulisha. Kilichobaki huwa na umbo la bomba jembamba. Hulivuta juu hadi kifuani au shingoni, akaliunga na kipande cha umio kilichosalia.

Bomba hilo tuliiteje? Wapo wanaopendekeza "mrija wa tumbo". Silipendi jina hilo. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji huu mara nyingi ana mpira wa kulishia, na akisikia "mrija" atadhani ndio unaozungumzwa. "Umio mbadala" ni bora zaidi kwa sababu linataja kazi ya kiungo hicho. Ila lina kasoro moja: linaficha kuwa nyama yake bado ni ya mfuko wa chakula. Imehama mahali, haikubadilika asili. Ikiota saratani, hiyo ni saratani ya mfuko wa chakula, hata kama imekaa kifuani nyuma ya moyo.

Hapo ndipo hadubini inapoamua kama saratani hiyo ni mpya au ni ile ya kwanza iliyosambaa. Saratani nyingi za umio, hasa Afrika Mashariki na Japani, huanzia kwenye seli bapa, ilhali za mfuko wa chakula kwa kawaida huanzia kwenye seli za tezi. Aina hizo mbili zikionekana kwa mtu mmoja, jibu ni rahisi. Kazi huwa ngumu pale saratani ya kwanza ilipokuwa nayo ya seli za tezi, kama zile za sehemu ya chini ya umio zinazoonekana sana Ulaya na Marekani. Mwaka 1932 Shields Warren na Olive Gates waliweka masharti yanayotumika mpaka leo: kila uvimbe uthibitike kuwa saratani, kila mmoja uwe peke yake, na isiwezekane kuwa mmoja ni msambao wa mwingine. Sharti la mwisho ndilo zito.

Turudi kwenye jina. Wasomi wanaweza kuvutiwa na "saratani ya upili", kwa mfano wa shule ya upili. Hilo ni kosa la hatari, kwani saratani ya upili kwa maana ya kitaalamu ni ile iliyosambaa kutoka kwingine. Kati ya "ya pili" na "ya upili" pana herufi moja tu, na kati ya magonjwa hayo mawili pana tofauti kubwa ya matibabu. Iliyosambaa kwa kawaida huhitaji dawa za mwili mzima, ilhali mpya ikigunduliwa ingali kwenye utando wa ndani huweza kuchunwa kwa kamera bila kupasua kifua. Ikichelewa, kuliondoa bomba zima ni upasuaji mzito mno. Kwa hiyo napendekeza tuseme "saratani mpya", na daktari aongeze mahali: saratani mpya ya mfuko wa chakula, kwenye umio mbadala.

Ripoti nyingi za hali hii zimetoka Japani, ambako saratani ya mfuko wa chakula ni ya kawaida na wagonjwa wengi wa umio hugunduliwa mapema wakaishi miaka mingi baada ya upasuaji. Kwetu, kuanzia magharibi mwa Kenya hadi Malawi, saratani ya umio ni nyingi, lakini wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji, na wanachopata ni kuwekewa neti ya chuma ya kupanua njia. Wanaofanyiwa upasuaji na kupona ni wachache, ila wapo.

Ugumu wao ni kwamba dalili hujificha. Aliyeondolewa umio tayari hushiba haraka, hucheua nyongo na hukwamwa na chakula mara kwa mara, hata bila ugonjwa mpya. Kama ni wewe au ndugu yako, tunza karatasi ya upasuaji na uionyeshe kwa kila daktari mpya. Omba kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, ambao tangu 1994 wametambuliwa kuwa chanzo cha saratani. Na miaka ikipita salama, usiache kuuliza ni lini umio mbadala utaangaliwa tena kwa kamera, kwa sababu saratani mpya inaweza kuzuka hata baada ya miaka kumi.