Kenya na Ethiopia: Ni ipi yenye uchumi mkubwa zaidi?

Mwezi Aprili 2025, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria kuwa pato la taifa la Kenya lingefikia takriban dola bilioni 132 mwaka huo, na la Ethiopia dola bilioni 117. Kwa hesabu hiyo Kenya iliipita jirani yake. Hata hivyo, katika takwimu za shirika hilohilo zinazozingatia uwezo wa kununua, Ethiopia ndiyo iliyotangulia. Takwimu hizo hazipingani, kwani kila moja hujibu swali lake.

Kiwango cha ubadilishaji fedha

Katika kipimo cha kwanza, pato huhesabiwa kwa sarafu ya nchi, kisha hugeuzwa kuwa dola kwa bei ya soko. Tarehe 29 Julai 2024, Ethiopia iliruhusu thamani ya birr ipangwe na soko. Dola moja, iliyokuwa takriban birr 57, ilipita birr 100 katika muda wa wiki chache. Mashamba ya kahawa yalibaki palepale, lakini pato lilipogeuzwa kuwa dola lilisinyaa. Mwaka huohuo shilingi ya Kenya iliimarika, kutoka takriban 160 kwa dola mwezi Januari hadi karibu 130 kufikia katikati ya mwaka.

Uwezo wa kununua

Kipimo cha pili hulinganisha bei za kapu moja la bidhaa na huduma. Tuseme kapu hilo linagharimu dola 100 Marekani, na sarafu 4,000 katika nchi fulani. Kwa kapu hilo, dola moja ni sawa na sarafu 40. Ikiwa benki hubadilisha dola moja kwa sarafu 100, pato la nchi hiyo kwa kipimo hiki litakuwa mara mbili na nusu ya lile la kipimo cha kwanza. Tofauti hiyo hutokana hasa na huduma zisizovuka mipaka, kama vile kinyozi, kodi ya nyumba na nauli, ambazo huwa nafuu katika nchi zenye ujira mdogo. Bei hizo hukusanywa na Mpango wa Kimataifa wa Ulinganishi, ulioanza mwaka 1968 na sasa kuratibiwa na Benki ya Dunia.

Kipi kitumike?

Deni la nje, mafuta na dawa zinazoagizwa hulipiwa kwa fedha za kigeni. Hapo kiwango cha ubadilishaji ndicho chenye kauli. Kuhusu hali ya maisha, uwezo wa kununua hueleza zaidi. Mwezi Juni 2025, Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku. Dola hizo ni za uwezo wa kununua. Anayezizidisha kwa bei ya duka la kubadilishia fedha hupata kiasi kikubwa kuliko kilichokusudiwa.

Aidha, ukubwa wa uchumi si utajiri wa mtu mmojammoja. Ethiopia ina watu zaidi ya mara mbili ya Kenya. Pato likigawanywa kwa idadi ya watu, Kenya hutangulia kwa vipimo vyote viwili.