Roki ya Njozi na Gita la Morogoro

Mwaka 1956 tabibu wa akili wa Kiingereza, Humphry Osmond, aliunda neno jipya kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja lenye maana ya nafsi, jingine lenye maana ya kudhihirika. Alikuwa akizungumzia dawa zinazobadili fahamu, si muziki. Miaka 10 baadaye kundi la 13th Floor Elevators la Texas liliingiza neno hilo katika jina la albamu yake ya kwanza. Huko San Francisco, Jefferson Airplane na Grateful Dead walikuwa wamekwisha kuanza kuurefusha wimbo hadi usijulikane mwisho wake. Gita lilichafuliwa sauti kwa makusudi, likapewa mwangwi, likalizwa kwa kikanyagio hadi likatamka kama kinywa cha mtu. Kiswahili hakijalipa neno la Osmond makazi. Wapo wanaoandika saikedeliki. Mimi nitasema roki ya njozi.

Jina hili linatuhusu kwa sababu wauzaji wa santuri za zamani huko Ulaya na Marekani wamezoea kulibandika juu ya takriban kila gita la umeme la Afrika la miaka ya 1970, na mapigo yetu ya dansi hayakusalimika. Msikilizaji mgeni akisikia gita la solo la Mbaraka Mwinshehe likizunguka na kuzunguka wakati wa chemko, hudhani amemsikia mwanafunzi wa Jimi Hendrix. Mfanano upo, lakini nasaba ni nyingine.

Nasaba hiyo ilipita Mikese. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kilichotoka bandarini Dar es Salaam, ama kwa garimoshi ama kwa barabara, kilipita hapa kwanza, Milima ya Uluguru ikiwa mbele yake. Miongoni mwa bidhaa za njia hiyo zilikuwemo santuri za Kikuba, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuziuza Afrika katika miaka ya 1930 zikiwa na alama ya GV. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Salum Abdallah alianzisha kundi lake mwaka 1948, na baadaye akaliita Cuban Marimba.

Hebu tulitazame jina hilo kwa jicho la lugha. Marimba ni neno la Kibantu lililovuka bahari pamoja na watumwa, likakaa Amerika karne kadhaa, kisha Morogoro ikalivisha Kuba na kulirudisha nyumbani. Tumba nayo, ngoma iliyosimama katika kila bendi yetu ya dansi, huko Kuba huitwa tumbadora, na wachunguzi wengi huihusisha na lugha za Kibantu. Neno jazz, kwa upande wake, lilipofika kwetu liliacha muziki wake Marekani likabaki na maana ya bendi tu!

Sasa mgeukie Carlos Santana. Mwezi Agosti 1969 bendi yake ya San Francisco ilipanda jukwaa la Woodstock ikiwa na ngoma zizo hizo, na mwaka uliofuata ikatoa albamu ya Abraxas, yenye wimbo wa Tito Puente, bwana wa midundo ya Kikuba jijini New York. Mwaka huo huo, 1970, Morogoro Jazz walikuwa Osaka, Japani, wakipiga katika maonyesho ya dunia. San Francisco na Morogoro zilichota kisima kimoja kwa ndoo mbili. Ni mabinamu, wala hakuna aliyemzaa mwenziwe. Hata urefu wa nyimbo una asili yake: mpangilio wetu ulianza na mashairi, kisha ukaacha magita yachemke, na santuri ndogo ilipojaa wimbo uligeuzwa upande wa pili kama sehemu ya pili.

Mtoto halisi wa roki alizaliwa Dar es Salaam, tena katika wakati mgumu. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini, baada ya Umoja wa Vijana wa TANU kuanza kuwaandama wenye sketi fupi na suruali za kubana. Hata hivyo Sunburst walijitokeza mwanzoni mwa muongo uliofuata, wakiwa na gita kali, kinanda na mdundo wa Kimarekani, na mwaka 1976 wakarekodi Ave Africa nchini Zambia, nchi ambayo makundi kama Witch na Amanaz yalikuwa yakiipiga roki ya njozi bila kificho. Sunburst waliimba Kiingereza, lakini waliimba Kiswahili pia, na kwangu mimi hapo ndipo kazi yao inapokuwa nzito. Mahadhi ya roki hukazia mpigo wa pili na wa nne na kupenda maneno mafupi yanayokatika kwa konsonanti. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na hufunga neno kwa irabu. Mwimbaji ana njia mbili: aivunje lugha, au aufanye mdundo uisubiri. Katika “Enzi za Utumwani” mdundo umesubiri.

Mbaraka hakuwa na mzigo huo. Mahadhi aliyorithi yalikuwa yamekwisha kuzoeana na Kiswahili kwa miaka 20 kabla yeye hajaingia Morogoro Jazz mwaka 1965. Alipoanzisha Super Volcano mwaka 1973 aliweza kumwaga beti ndefu za shida na mapenzi bila kukata silabi, kisha akaliachia gita. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Kwa hiyo Sunburst waitwe roki ya njozi, nami sitabisha sana. Mbaraka aitwe dansi. Mshairi mwenye neno zuri kuliko njozi kwa lile la Osmond na alilete, mradi lisizidi silabi nne, kwani litapaswa kuimbika.