Mikono Iliyosiriba Mfangano

Mtindo unaopendwa siku hizi katika nyumba za watu wenye nafasi Nairobi una ukuta wa rangi ya udongo, kigoda cha mbao, vikapu na mkeka wa mafunjo. Unauzwa kama jambo jipya na kwa bei ya jambo jipya. Katika kisiwa cha Mfangano, safari ya boti kutoka Mbita, kaunti ya Homa Bay, vitu hivyo vilikuwa nyumba ya kawaida kabisa kabla ya mabati kufika. Waliosiriba kuta zake ni wanawake, na historia yao haijaandikwa inavyostahili.

Abasuba, watu wa Mfangano na visiwa vya jirani, waliingia huko kutoka upande wa Uganda, wengi wao katika karne ya 18. Kabla yao wenyeji wa kale walikwisha kuacha alama zao kisiwani: michoro ya miambani ya Kwitone na pango la Mawanga, miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Mahali hapo paliheshimiwa kwa mambo ya mvua, si pa kuishi, kwa hiyo sithubutu kusema kwamba mapambo ya nyumbani yalizaliwa pangoni. Ninachokiona ni kwamba mchoraji wa pangoni na mama aliyepamba ukuta wake walichota rangi mahali pamoja, ardhini.

Kadiri vizazi vilivyopita, Abasuba walichukua Kiluo na sehemu kubwa ya utaratibu wa dala, yaani boma la familia. Nyumba ya mke wa kwanza ilitazama lango. Mvulana aliyekua alijenga simba, yaani nyumba yake ya ujana, karibu na lango hilo. Kazi nayo iligawanywa. Wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito na kuezeka nyasi. Mwanamke hakupanda paa. Yake ilikuwa kukandika, na humo ndimo ulimokuwa ujuzi wenyewe.

Udongo wa kwanza, mzito, ulishindiliwa katikati ya fito na kuachwa ukauke mpaka upasuke. Nyufa hizo hazikumtia mtu hofu, kwani tabaka la pili lilizishika. Mwisho ulisiribwa mchanganyiko laini wa udongo, majivu na samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake za majani huzuia ukuta kupasuka tena. Ukuta ulipokuwa bado mbichi, vidole vilipitishwa kuchora mawimbi na mistari, kisha zikapakwa rangi za udongo mwekundu, mweupe na mweusi. Sakafu ilisiribwa hivyo hivyo, tena na tena, na kila mara ilizidi kuwa ngumu na safi.

Starehe ya nyumba hiyo ilikuwa na sababu zake. Ukuta mnene hulipokea joto la mchana polepole, na nyasi hulizuia lisishuke. Ukingo wa paa ulioteremka chini ulikinga ukuta na mvua. Moshi wa mafiga ulifukuza wadudu kwenye nyasi na kuhifadhi mbegu zilizoning'inizwa juu ya moto. Dapi, mtungi mkubwa wa maji, uliwekwa kivulini. Udongo wake hutoa jasho, na maji hupoa bila umeme.

Ukivuka kwenda kaunti ya Migori utaikuta Thimlich Ohinga, boma la mawe lililopangwa bila saruji tangu takriban karne ya 16, ambalo UNESCO ililiandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, nyingine zenye urefu wa zaidi ya mita 4, zimesimama. Nyumba za udongo zilizokuwa ndani zimerudi ardhini, na kazi ya wanawake ikaenda nazo. Jiwe hupata kibao cha serikali. Udongo hauachi ushahidi.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikifuatwa na kodi ya vibanda, misheni, nyumba za pembe nne na mabati. Fedha za uvuvi wa sangara katika miaka ya 1980 ziliongeza kasi ya mabadiliko hayo. Siwalaumu walioacha nyasi kwa ajili ya bati: nyasi za kuezekea huoza na kutafuta nyingine ni shida, na bati hukinga mvua miaka mingi. Lakini bati bila dari saa nane mchana ni tanuri, na kila aliyelala chini yake anajua.

Sasa mahoteli ya ufukweni yamerudia nyasi na udongo ili kuwafurahisha wageni. Kisumu, mafundi wa Dunga hutengeneza vitu vya mafunjo, na gugu maji, lililovamia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga bandari, husukwa kuwa viti. Nafurahi kuyaona hayo. Ila katika ujenzi wa namna hii, anayechora ramani hutajwa jina, fundi seremala hutajwa bei, naye mama anayejua ni samadi kiasi gani iingie kwenye udongo gani huitwa kibarua. Wapo bado wanaojua, wengi wao nyanya, na kila mmoja ana kipimo chake ambacho hakuna chuo cha ujenzi kilichokuja kumwuliza.